Uzi wa Mwaka Jana

Tarehe 9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Sasa hivi mwanangu Bosi amekaa kizingitini, ameuchukua uzi niliojipimia jana, amejizungushia tumboni mara tatu, halafu ameniangalia kwa ukali kama mwenye nyumba na kusema, "Nguo." Mtoto hajafika hata miaka miwili anadai nguo kwa mama yake mkubwa. Nimecheka mpaka nikakaa chini, na nilipokaa ndipo nikaona nikuandikie yote, maana nikisimama tena sitaandika.

Unajua Januari kwetu ni mwezi wa uzi. Tangu niolewe nikahamia huku, kila Januari najipima, fundo moja kifuani, mawili kiunoni, matatu nyongani, naukunja kwenye bahasha, nawe unanishonea gauni la mwaka. Uzi unanirudishia mfukoni mwa gauni ili nijue hukukisia. Sasa jana nilipima uzi mpya, nikaulaza kitandani karibu na ule wa mwaka jana. Dada, kiunoni umepungua karibu shibiri nzima.

Usishtuke. Nakueleza taratibu. Mwezi wa saba nilimpeleka Bosi chanjo. Nesi wa kliniki, yule mrefu anayetembea kama anapima barabara, akaiona shingo yangu huku nyuma ilivyokuwa nyeusi. Mimi nilidhani ni uchafu. Nilikuwa naisugua kwa dodoki kila siku mpaka inauma. Akaniambia, "Mama, acha kujichubua, huo weusi unatoka ndani." Akanipima damu asubuhi sijala kitu. Akasema nina usugu wa insulini.

Alinieleza hivi, na mimi nakueleza kama nilivyoshika. Ukila mkate unageuka sukari kwenye damu. Insulini ni mtu wa kubisha hodi. Anapita nyumba kwa nyumba humo mwilini, hodi, hodi, wafungue sukari iingie. Sasa mimi na chai yangu ya vijiko vitano, na mkate kutwa nzima, na soda ya jioni, hodi zimekuwa nyingi mno. Wenye nyumba wamezoea, hawafungui. Basi mwili unaongeza wabisha hodi, wengine na wengine, na wakijazana ndipo mafuta yanajipanga tumboni na njaa haiishi. Alisema bado sijafika kwenye ugonjwa wa sukari wenyewe. Niko njiani, na nikiwahi naweza kugeuza.

Akaniuliza, "Kwenu kuna mwenye sukari?" Nikasema hapana, mama alikufa kwa homa na dada yangu ni chuma. Si ndivyo ulivyoniambia?

Basi sasa nakula hivi. Nusu ya sahani mboga za majani, robo maharage au yai au samaki, na robo iliyobaki ndiyo wali au kiazi, na hiyo robo ni robo kweli, si robo ya fundi wa ujenzi. Soda nimeacha. Chai nainywa kavu, bila sukari. Siku ya kwanza niliinywa kama dawa ya minyoo, nimeziba pua. Pale bekari bado napanga mikate, na ile inayotoka motoni saa nne asubuhi inanukia mpaka barabarani, lakini vile vipande vilivyovunjika nilivyokuwa natafuna nimesimama sasa nawapelekea kuku wa jirani. Kuku wamenenepa, mimi nimepungua. Nikimaliza kula namweka Bosi mgongoni, natembea mpaka bombani na kurudi. Kilo kumi na tatu, dada, tangu mwezi wa saba. Na shingo inaanza kurudi rangi yake.

Sasa ninachoogopa ni hiki. Ulinichukua nikiwa na miaka saba, mbavu zinahesabika. Watu walisema yule mtoto hatavuka mwaka mikononi mwa fundi cherehani asiye na mume. Ukanilisha, ukaniita Tonge. Ulikuwa unanishika shavu mbele ya wateja, unawaambia, "Hiki ndicho cheti changu, kingine sina." Nitakutumiaje uzi uliopungua shibiri? Itakuwa kama nimekichana hicho cheti nikakutumia vipande.

Nimeisoma barua hii kutoka juu na naona nitakukosesha amani. Naikunja kwanza. Naiweka ndani ya kopo la chumvi, nifikiri.

Mdogo wako,
Tonge


Tarehe 10 Januari

Dada,

Shikamoo. Sisi wote hatujambo. Baba Bosi yuko safarini na lori, anarudi wiki ijayo. Bosi ana meno mengi kuliko adabu. Kazini salama.

Uzi huu hapa ndani. Nimejipima jana. Mimi ni yuleyule, Tonge lako halipungui. Mwaka huu naomba gauni la kijani, mikono mifupi, na usijisumbue na marinda mengi.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu dereva wa basi la Alhamisi anaondoka mapema. Ningekupigia simu lakini najua utasema simu humaliza maneno kabla ya moyo.

Tonge


Tarehe 27 Januari

Tonge,

Marahaba. Uzi umefika. Nimeutazama kwa miwani, nikautazama bila miwani. Kumbe kweli hukupungua hata unywele. Mtu azae, anyonyeshe, apange mikate kutwa, na kiuno kibaki palepale kama nguzo ya umeme. Mungu ana kazi zake.

Nikuulize, Baba Bosi akiwa nyumbani mnakula pamoja, au wewe unasubiri mabaki? Jibu hilo kwanza kabla ya habari za meno ya mtoto.

Dereva amebeba mfuko wangu. Kuna sukari, kuna chupa ya asali, kuna biskuti makopo mawili, zile za krimu ulizokuwa unazipasua na kulamba katikati kisha unanirudishia maganda. Kula. Usigawe. Mtu mwembamba ni mlango usio na komeo, kila kinachopita kinaingia.

Mimi mzima. Kiatu kipya kimenibana kidole cha mwisho cha mguu wa kulia, kimeacha kakidonda. Nimekafunga kipande cha pamba, katapona. Kwa sasa pedali nakanyaga na mguu wa kushoto. Mshono unakwenda kama mlevi lakini nyumbani unafika.

Kijani nimekipata, kizuri, hakichuji.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 14 Februari

Dada,

Shikamoo. Mfuko umefika salama na tumefurahi sana. Biskuti Bosi amelala nazo kitandani kama wanasesere. Sukari nzuri, asali nzuri, vyote tunatumia. Ahsante.

Tunakula pamoja, dada, usimfikirie vibaya Baba Bosi. Juzi amerudi na mzigo wa kabichi sita kutoka njiani kwa sababu siku hizi mimi napenda sana mboga. Nimekuwa mtu wa majani tu. Msimamizi wa bekari ananiita Mbuzi. Nikipita anapiga mluzi wa kuchunga, na mimi namlilia "mee" mbele ya wateja, anakimbilia stoo kwa aibu.

Kale kakidonda vipi? Umesema katapona, kamepona? Wiki tatu ni nyingi kwa kidonda cha kiatu. Nenda ukaoneshe, dada. Najua unachukia foleni, beba kazi ya mkono, ushone vifungo ukisubiri.

Nilikuwa na jambo nyuma ya ulimi nikuambie. Si baya. Nitakuambia barua ijayo, nikitulia.

Tonge


Tarehe 5 Machi

Wewe mtoto,

Unafikiri mimi ni fundi wa magunia?

Uzi ulionitumia una doa la mafuta ya cherehani karibu na fundo la pili. Doa hilo nililitia mimi mwenyewe kwa kidole changu, mwaka jana, mwezi wa pili, nikalifuta likakataa kutoka. Nikakurudishia mfukoni mwa gauni. Uzi uondoke kwangu na mafuta yangu, urudi na mafuta yangu, halafu niandikiwe "nimejipima jana"?

Nilijua siku ileile. Nikasema kama amepungua, nitume sukari, chochote kilichopungua kitarudi. Nikangoja useme.

Jumamosi amekuja yule mteja wangu mwalimu kuchukua sketi yake. Alikuwa na safari, akapita bekari yenu kununua mkate. Akanifikia ananiambia, "Fundi, pole. Mdogo wako amebaki shingo na macho." Ananipa pole, Tonge, kama mtu aliyekwisha fiwa. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nimekata kitambaa cha watu upande usio wake, jambo ambalo halijanitokea miaka ishirini.

Nimewahi kumpima mtu anayepungua namna hiyo. Nilimpima mara tatu katika mwaka mmoja. Sitaki kumpima mwingine.

Niambie unaumwa nini. Usiniandikie habari za mbuzi. Gauni lako halitashuka mezani mpaka nijue.

Fundi


Tarehe 14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeisoma barua yako stoo, juu ya gunia la unga, na msimamizi aliponiona hakupiga mluzi.

Siumwi, dada. Nakuapia kwa Bosi. Nilikuwa nimeanza kuumwa nikawahi. Nina usugu wa insulini. Mwili wangu ulikuwa umeacha kuisikia insulini, na sukari ilikuwa inazurura kwenye damu haina pa kuingia. Nilianza kupunguza vyakula mwezi wa saba kwa maelekezo ya nesi. Nusu ya sahani ni majani, wali ni robo, na sukari nimeiacha kabisa. Nakula nashiba. Kabla ya hapo nilikuwa nakula na njaa iko palepale, kama kumwaga maji kwenye kikapu. Sasa naamka asubuhi macho yamefunguka. Zamani nilikuwa nasinzia nikiwa na trei ya mikate mikononi. Wiki iliyopita nesi amenipima tena akapiga meza kwa furaha, akasema, "Sasa wanafungua mlango." Yule mwalimu wako aliniona nikiwa nimefunga kilemba cha kazi, na hicho kilemba kingemkondesha hata kiboko.

Uzi wa mwaka jana niliutuma kwa woga. Nilisema atashona kwa kipimo kile, gauni likija nitalipunguza mwenyewe kwa sindano ya mkono, na yeye hatajua. Nilipanga kukunja mishono yako wewe, dada, kwa sindano ya mkono. Sijui nilikuwa nawaza nini. Sukari yako niliwapa majirani. Asali ipo kabatini. Nimekuibia mara mbili, kipimo na ukarimu.

Sasa na mimi nina maswali, na usiyakwepe. Umesema ulimpima mtu mara tatu katika mwaka mmoja akipungua. Huyo ni mama? Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ndoo ya maji kando ya kitanda chake, na kikombe kisichokauka. Homa gani inachukua mwaka?

Na kidonda. Hujakitaja kabisa. Nimemuuliza nesi kuhusu kidonda cha kiatu kisichopona wiki sita. Hakucheka, dada. Aliweka kalamu chini. Akasema huyo dada yako apimwe sukari, asingoje hata kesho. Nenda. Ukisoma hapa acha barua mezani, vaa, nenda.

Tonge


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Niliweza kujibu, nilishindwa kuanza.

Mama hakufa kwa homa. Ilikuwa sukari. Wewe ulikuwa na miaka saba, mimi ishirini na moja, na watu wa mtaa walikuwa tayari wanakutazama kama bidhaa yenye kasoro. Nikasema homa. Homa haina ukoo, inampata yeyote. Nikadhani nitakueleza ukikua. Ukakua, ukataka kuolewa, nikaogopa wakwe watasema wale damu yao mbovu. Ukaolewa. Ulipokuwa na mimba ya Bosi uliniandikia kwamba kliniki wanauliza magonjwa ya ukoo, nikakujibu mstari mmoja, andika hakuna. Niliuandika mstari huo, nikalamba bahasha, nikaendelea kupiga pindo. Uongo ukikaa sana ndani ya nyumba unakuwa kama kabati, mtu analizunguka tu, halioni tena.

Hapo kuna lingine. Mimi nami ninayo. Mwaka wa nne huu. Vidonge viko kwenye kopo la vifungo, chini ya vifungo vikubwa vya makoti, na navinywa nikivikumbuka. Wateja wananiletea soda, nakunywa ili wasiulize. Ningekataa wangesema fundi anaumwa, na mgonjwa hapewi kitambaa cha harusi.

Tonge, nilikuita jina hilo kwa furaha. Kila sahani niliyokujazia mpaka pembeni nilikuwa nashindana na mama. Nilimwona akiyeyuka, nikasema huyu mdogo hatayeyuka, huyu nitamjaza. Ukisema umeshiba naongeza kijiko. Nilikuwa naufukuza ugonjwa wa mama mlangoni, kumbe nauingiza dirishani. Halafu wewe, peke yako, na elimu yako ya darasa la saba, ukasikia mara moja tu maneno ya nesi ukafanya. Mimi nimeambiwa miaka minne.

Sasa la mguu. Ile siku ulipoandika nibebe vifungo nikakae foleni, kidole kilikuwa kimeshakuwa cheusi. Walikikata tarehe ishirini na moja Februari. Barua yangu ya ukali niliiandika mguu ukiwa juu ya kiti cha wateja, umefungwa kama mtoto mchanga. Ninakugombeza kwa kunificha, mimi. Sasa weusi umepanda. Daktari anasema wakate chini ya goti, na mapema, ukichelewa utafuata mwili wote. Nimekataa. Ule wa kushoto nao siku hizi una ganzi, nakanyaga pedali siisikii, naitazama kwa macho nijue kama mguu upo juu yake. Wa kulia ukitoka kabisa nitabaki na nini? Fundi wa pedali bila miguu ni mtu mwenye meza.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sikupata hata mtoto, lakini huyo mjukuu amenifikia, anakaa mapajani.

Gauni nimelimaliza siku nyingi. Nililikata kwa ule uzi wa uongo makusudi, nikasema atalijaza, atarudi. Limetundikwa hapa mbele yangu, ndani yake mngeingia wawili. Silitumi. Nitumie uzi wa kweli nilipunguze, ningali nakaa kwenye hiki kiti. Nataka kujua ulipo.

Dada yako


Tarehe 8 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kwenye benchi la mbao, mbele ya mlango wa kijani wa chumba cha upasuaji ulikoingizwa saa tatu asubuhi. Kati yetu kuna mlango mmoja tu, na bado nakuandikia. Nilikuwa na siku mbili za kukuambia haya mdomoni, sikuyasema. Sisi wawili tumezoea karatasi.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, na Jumapili nilikuwa kwenye basi. Ulipofungua mlango hukusema karibu. Ulisema, "Geuka." Nikageuka. "Geuka tena." Nikageuka. Ukanishika kiuno kwa mikono miwili kama unashika kitambaa cha ghali, ukasema, "Hapa palikuwa na mtu." Nikakuambia, "Yupo, dada. Amesogea kidogo tu." Ukaanza kulia, mimi nikaanza, Bosi akatuangalia wote wawili akaona tumeshindwa kazi, akaenda kufungua makabati.

Daktari alipokuja nyumbani kukuelezea kwa mara ya tatu jana, ulimwambia, "Kijana, ungekuwa unakatwa mkono ungetibu kwa nini, kwa kichwa?" Nilijua umekataa tena. Aliyekugeuza ni Bosi. Alitambaa chini ya cherehani, akaweka viganja viwili juu ya pedali, akasukuma, na gurudumu likazunguka, sindano ikashuka ikapanda bila uzi. Akasukuma tena. Ukasema, "Mafundi wa siku hizi wanaanza kazi wamekaa chini." Halafu, bila kunitazama, "Waambie nakuja."

Njiani asubuhi nilimsimamisha yule fundi anayetengeneza cherehani pale kona. Anasema pedali inaweza kutolewa, naye afunge mpini wa mkono pembeni ya gurudumu. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unaongoza kitambaa. Anasema mwanzo ni taabu, nikamwambia mwanzo nitazungusha mimi, wewe ushike kitambaa kwa mikono yote miwili. Nimeshaomba ruhusa bekari. Msimamizi kasema Mbuzi aende, lakini arudi. Baba Bosi atashusha magodoro yetu huku Ijumaa, lori linapita, tukae nawe kwanza. Na nesi wa hapa anasema mguu ule mwingine unaweza kulindwa, kama sukari itashuka na ganzi ikichungwa, viatu vipana, kuukagua kila siku kama mtoto. Nimemweleza kuhusu sahani zangu, akanifundisha na zako, maana wewe una vidonge na si sawa na mimi. Utanichukia kwa wiki mbili za mwanzo. Chai utainywa umeziba pua. Mimi nitakaa mbele yako na yangu.

Uliniagiza nikuletee lile kopo la biskuti la juu ya kabati. Nilidhani lina vidonge. Sasa hivi Bosi amelifungua, ameyamwaga yaliyomo benchini, na si vidonge. Ni nyuzi, dada. Zangu zote, kila moja na karatasi yake. Tonge miaka saba. Tonge miaka minane. Nimezilaza kwenye benchi kwa kufuatana na nikajiona nanenepa kama mwezi, uzi kwa uzi, mpaka nilipoolewa. Mama mmoja anayemsubiri mumewe aliuliza kama nauza.

Chini kabisa kuna nyeupe tatu zimefungwa pamoja kwa utepe. Mama, Januari. Mama, Mei. Mama, Septemba. Huo wa Septemba nimejizungushia kiunoni. Ncha hazikukutana. Ungemtosha msichana wa shule.

Nilikuwa sijui. Nilidhani ukiona uzi wangu umepungua utasikitika kwa ajili ya cheti. Ungekuwa umeona Septemba.

Ile barua niliyoificha kwenye kopo la chumvi tarehe tisa Januari nimekuja nayo, nitaiweka kwenye bahasha hii. Imeliwa pembeni na chumvi lakini inasomeka. Niliandika mle yote, hodi, na sahani, na swali la nesi kuhusu ukoo. Ningeituma siku ile ungejua nipo njia ileile uliyopo wewe. Labda ungeniambia la mama. Labda ungekwenda kuoneshwa mguu mapema, hata kwa ajili ya kunigombeza tu njiani. Tarehe tisa Januari, dada, ulikuwa na vidole kumi vya miguu. Nimehesabu siku mpaka leo nimechoka kuhesabu. Nesi wa kwetu ana msemo, mficha maradhi kilio humfichua, na kila akisema nilikuwa naitikia kwa kichwa, nikidhani anawasema wengine.

Sikulaumu. Na wewe usijilaumu ukiamka, utakuwa na kazi ya kutosha. Ulinikuta mbavu nje, ukanipa ulichokuwa nacho, na ulichokuwa nacho kilikuwa kikombe cha chai tamu na moyo. Bosi atajua yote tangu akiwa mdogo. Atajua bibi yake alikufa kwa nini, na mama yake mkubwa alikatwa nini, na mama yake anakula robo kwa sababu gani. Hatutamwachia kabati la kuzunguka.

Gauni lako la kijani nimelivaa leo chini ya koti, nimelifunga mkanda wa Baba Bosi. Wote wanaopita wanaliangalia. Nimekata uzi mpya kutoka kwenye kibweta chako cha kushonea na nimejipima hapahapa benchini, Bosi ameshika ncha kwa meno. Fundo moja kifua. Mawili kiuno, na sikuvuta pumzi ndani. Matatu nyonga. Nataka uwe wa kwanza kuushika ukifungua macho, kabla ya maji, kabla ya

Mlango umefunguka. Nesi ametoa kichwa, anauliza, "Ndugu wa fundi cherehani ni nani hapa?" Nimeinua mkono wenye kalamu. Uso wake siwezi kuusoma, hauna huku wala kule. Bosi ameshasimama, ameshika uzi, anaelekea mlangoni peke yake kana kwamba ni yeye aliyeitwa. Dada, nakuja, na safari hii uzi ni wa